Alilijua Jibu, Akalibadilisha: Uchambuzi wa Kisa cha Muuguzi Aliyerudia Mtihani wa Leseni

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Jina lake, nchi aliyosomea, jimbo alilofanyia mtihani na tarehe zote vimeondolewa. Humu nitamwita T. Mimi ni muuguzi niliyemsimamia alipokuwa akijiandaa kwa mara ya tatu, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu.

Usuli

T. alikuwa muuguzi kamili mwenye miaka sita ya kazi wodini kabla ya kuhamia Marekani. Vyeti vyake vilihakikiwa, na bodi ya uuguzi ya jimbo ikampa ruhusa ya kufanya NCLEX-RN, mtihani ambao usipoufaulu hupati leseni ya uuguzi nchini humo. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika makao ya wazee kama msaidizi, zamu za usiku nne kwa wiki. Kazi ya kubadilisha mashuka na kulisha wagonjwa hailaumiki hata kidogo, ila mtu aliyewahi kuongoza wodi ya upasuaji huifanya akiwa na kitu kimemkaa kooni.

Mtihani wenyewe haufanani na ule wa darasani. Hufanywa kwenye kompyuta, nayo huchagua maswali kulingana na mtahiniwa anavyojibu: ukipata, linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa, ugumu hupungua. Lengo la kompyuta ni kukuletea swali ambalo una nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Tangu Aprili 2023 maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda wote ni saa tano. Kati ya maswali hayo, 15 ni ya majaribio. Hayahesabiwi, na mtahiniwa hana namna ya kuyatambua. Mtihani husimama pale kompyuta inapofikia uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Isipoufikia, huendelea mpaka maswali au muda viishe. Na ukishabonyeza kwenda swali linalofuata, hurudi nyuma tena.

Basi asiyeweza kurudi nyuma hubadilishaje majibu? Hubadilisha palepale, kabla ya kubonyeza. Anachagua la kwanza, anasita, anachagua la tatu, anarudi la kwanza, anaishia la tatu.

Mara ya kwanza na ya pili

Mara ya kwanza T. alifika swali la 150 na akashindwa. Anayeshindwa hupewa ripoti inayoonyesha, eneo kwa eneo, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake. Ripoti yake ilisema "karibu" karibu kila mahali. Kwa mtu aliyekuwa nje ya vitabu kwa miaka, hayo hayakuwa matokeo ya kukatisha tamaa.

Akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akaongeza vitabu. Utaratibu unataka zipite siku 45 kabla ya kurudia, T. alikamata nafasi ya kwanza iliyopatikana baada ya siku hizo, akalipa tena dola 200 za usajili, akaingia asubuhi baada ya kutoka zamu ya usiku juzi yake. Safari hii muda ulimwishia akiwa swali la 112. Maeneo matatu yaliyokuwa "karibu" yalishuka yakawa "chini".

Alijua mengi zaidi kuliko mara ya kwanza, na alifanya vibaya zaidi. Aliponipigia simu hakulia wala hakulalamika. Alisema tu: "Dada, nililijua. Nililijua, halafu nikalibadilisha."

Nilimuuliza lipi. Akasema mengi, lakini moja lilikuwa limemganda. Nalieleza kwa jumla tu, kwa sababu watahiniwa hutia saini ya kutunza siri ya maswali. Lilihusu mgonjwa aliyepata mabadiliko ya ghafla na hatua ya kwanza ya muuguzi. T. alichagua hatua ya kufanya papo hapo, akaiangalia kwa dakika mbili nzima, kisha akachagua kumpigia daktari.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

*Uamuzi wa kwanza (wangu, na ulikuwa mbaya): usibadilishe jibu kamwe.*

Huu ni ushauri wa vijiweni ambao kila aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani ameusikia. Niliutoa bila kufikiri. Kwa siku kumi T. alifanya mazoezi chini ya amri hiyo, na kweli hakubadilisha jibu hata moja. Ila muda wake kwa kila swali, ambao ulikuwa kama dakika mbili, ulipanda ukakaribia tatu. Nilipoketi naye kumwangalia akifanya, nikaona kilichotokea: sasa hakuthubutu kubonyeza hata jibu la kwanza. Kipanya kilikuwa kinazunguka juu ya majibu manne kama mwewe asiyeona pa kutua. Wasiwasi haukupungua. Nilikuwa nimeuhamisha tu, kutoka baada ya kuchagua kwenda kabla ya kuchagua.

Hesabu yenyewe ilitosha kunifedhehesha. Maswali 150 ndani ya dakika 300 ni dakika mbili kwa swali. Kwa kasi niliyomzoesha, angekwama tena kwenye mia na kitu.

*Uamuzi wa pili: daftari.*

Nikamwomba arudi kubadilisha majibu apendavyo, kwa sharti moja. Kila anapobadilisha, aandike jibu la kwanza, jibu la mwisho na sababu kwa sentensi moja, na aandike *kabla* ya kuona jibu sahihi. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba kila kitu. Ukishaona jibu, kichwa hukutungia sababu nzuri ambayo hukuwa nayo.

Kwa wiki nne alifanya maswali 600 ya mazoezi na kubadilisha majibu 94. Tulipojumlisha, 31 yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, 45 yalitoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa, na 18 yalihama kosa hadi kosa. Kwa hiyo alikuwa akijipunja. Hilo tulilitarajia.

Ambalo hatukulitarajia lilionekana tulipozigawa sababu mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa na mabadiliko 29 ambayo sababu yake ilikuwa ndani ya swali: "sikuona kwamba potasiamu ni 2.9", "wanauliza maelezo yanayoonyesha mgonjwa *bado* hajaelewa, mimi nilitafuta yaliyo sahihi", "nilikosea kuzidisha". Kati ya hayo, 22 yalimpeleka kwenye jibu sahihi, na 3 tu yalimtoa kwenye usahihi. Fungu la pili lilikuwa na 65, na sababu zake zilikuwa za namna hii: "sina uhakika", "ni rahisi mno", "labda wanataka tumwite daktari", "nimehisi hivyo". Hapo alipata 9 na kupoteza 42.

Tulikaa kimya kidogo juu ya karatasi ile. Halafu T. akasema, nusu kwa utani, "Kwa hiyo mwenye matatizo ni mmoja tu kati ya hawa wawili."

*Uamuzi wa tatu: kidole.*

Tukatunga kanuni fupi ya kutumia chumbani: badilisha jibu ikiwa tu unaweza kuweka kidole kwenye neno au namba iliyoko kwenye skrini ambayo hukuiweka kwenye hesabu mara ya kwanza. Kidole kikikosa pa kutua, bonyeza uende mbele. Kwenye mazoezi ya nyumbani alikuwa akigusa kioo cha kompyuta kweli, mpaka kikajaa alama za vidole.

*Uamuzi wa nne: tarehe.*

Alitaka kurudia mara tu siku 45 zitakapoisha. Nilipinga, naye akakubali shingo upande. Tulisubiri karibu miezi minne, akachagua kipindi cha mchana, na akaomba usiku tatu za mapumziko kabla ya siku yenyewe. Pia tulikubaliana atumie mapumziko yote mawili ya hiari, la baada ya saa mbili na la baada ya saa tatu na nusu, ingawa dakika zake hukatwa kwenye muda wa mtihani. Mara ya pili hakuwa ametoka hata moja. Aliona kutoka ni kupoteza muda, naye akaupotezea palepale kitini.

Wasiwasi wake ulikuwa na mwelekeo

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu naamini ndipo kilipo cha kujifunza zaidi. Tulipoyasoma yale 65 moja moja, tuliona kwamba T. hakuwa anayumba ovyo. Alikuwa anayumba upande uleule.

Kundi kubwa lilikuwa la kukabidhi kwa daktari. Mfano kutoka kwenye mazoezi: mgonjwa alianza kuongezewa damu dakika kumi na tano zilizopita, sasa anatetemeka, mgongo unamuuma, joto limepanda. Muuguzi afanye nini kwanza? T. alichagua kusimamisha damu katika muda usiofika nusu dakika. Kisha akabadilisha kuwa kumpigia daktari. Kwenye daftari aliandika: "Damu imeagizwa na daktari, mimi ni nani niisimamishe?" Jibu ni kusimamisha, kwa kuwa kila tone linaloendelea kuingia linaongeza madhara, baada ya hapo unauweka mshipa wazi kwa salini (maji ya chumvi) kwenye mpira mpya, na simu inafuata. Na T. alilijua hilo, maana wodini kwake aliwahi kulifanya kwa mikono yake. Ila alikuwa amefanya kazi mahali ambapo muuguzi aliyesimamisha kitu bila kumuuliza daktari alisimamishwa yeye siku iliyofuata. Mikono yake ilijua uuguzi, na kumbukumbu yake ikajua adhabu.

Kundi la pili ni "haiwezi kuwa rahisi hivi". Hili lina sumu mbili. Ya kwanza ni kudhani kila swali jepesi lina mtego. Ya pili huletwa na mtihani wenyewe: mtahiniwa aliyeambiwa kwamba maswali huwa rahisi ukikosea huanza kuyapima badala ya kuyajibu. "Hili ni jepesi, basi nimeshaanza kushindwa." T. alikiri kwamba mara ya pili alitumia sehemu kubwa ya saa ya tatu akifanya kazi hiyo ya ualimu. Lakini swali huonekana jepesi kwa sababu nyingi, pamoja na kwamba unalijua, au ni miongoni mwa yale 15 yasiyohesabiwa.

Kundi la tatu lilihusu maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa. Humo T. hakubadilisha, aliongeza. Alichagua matatu, kisha akaweka la nne "kwa usalama". Zamani maswali hayo yalihitaji upate yote au ukose yote. Tangu 2023 kuna alama za sehemu, na kwenye maswali ya aina hii kila chaguo sahihi huongeza alama na kila chaguo la makosa huondoa moja, ingawa jumla haishuki chini ya sifuri. Kwa hiyo lile la nne la usalama, kama si sahihi, linakula alama ya mojawapo ya yale matatu. Kumweleza hesabu hiyo kulitosha. Kundi hili lilikauka ndani ya wiki moja bila mawaidha yoyote.

Matokeo

Mara ya tatu kompyuta haikusimama kwenye 85, wala 100, wala 130. Ilimpeleka hadi 150, kama mara ya kwanza. T. alitoka akiwa na hakika kwamba ameshindwa. Alinitumia ujumbe wa neno moja ambalo siliandiki hapa.

Anakumbuka kubadilisha majibu manne, labda matano, kila mara akiwa ameona kitu cha kuwekea kidole. Alimaliza akiwa na dakika kumi na nane mkononi.

Siku mbili za kazi baadaye akalipia matokeo ya haraka yasiyo rasmi. Alikuwa amefaulu.

Uchambuzi

Ushauri wa "shikilia jibu lako la kwanza" una umri mrefu, na umechunguzwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller walichapisha kazi ambamo waliangalia alama za kufuta kwenye karatasi za mtihani za wanafunzi 1,561 wa chuo kikuu. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, asilimia 25 yalitoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa, na yaliyobaki yalihama kosa hadi kosa. Yaani kubadilisha kulisaidia mara mbili ya kulivyodhuru. Maelezo yao ya kwa nini watu hawaamini hivyo yanaingia akilini: jibu ulilokuwa nalo ukaliacha linauma kuliko jibu ulilokosa tangu mwanzo, na kinachouma ndicho kinachokumbukwa. T. alilikumbuka swali lake moja kwa miezi. Hakukumbuka hata moja kati ya yale aliyoyaokoa.

Mbona basi hesabu za T. zilikuwa kinyume? Sidhani alikuwa muujiza. Kwenye karatasi ya kawaida mwanafunzi anaweza kurudi nyuma, na mara nyingi anarudi akiwa na kitu kipya: swali la 40 limemkumbusha jibu la swali la 12. Kwenye mtihani usioruhusu kurudi, kitu kipya pekee kinachoweza kuja ni kile ulichokiruka kwenye swali lenyewe. Yaliyobaki ni hofu, na hofu haileti taarifa. Huu ni mtazamo wangu kutokana na kisa kimoja, si matokeo ya utafiti.

Kuna jambo jingine ambalo ningemwambia siku ya kwanza kama ningelifikiria. Mtihani unaokutafutia maswali ya nusu kwa nusu unakuahidi kwamba hutakuwa na uhakika. Mwanafunzi mzuri darasani amezoea kujua tisa kati ya kumi, na kwake kusitasita ni dalili ya hatari. Humu kusitasita ni hali ya hewa tu. Mwenye kufaulu na mwenye kushindwa wote wananyeshewa. T. alikuwa na msemo wake, ule tunaousema sote, kwamba wasiwasi ndio akili. Wodini msemo huo ulimtumikia vizuri. Mbele ya skrini ulimfanya ausikilize kila wasiwasi kana kwamba umekuja na habari.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni daftari kuliko kanuni. Nilikuwa nimemwambia mara kadhaa kwamba anajua zaidi ya anavyojiamini, na alinishukuru kwa adabu bila kuamini neno. Hakuweza kubishana na mwandiko wake mwenyewe.

Kilichoshindwa, mbali na ile amri yangu ya mwanzo, ni kwamba nilichelewa kuona tatizo la usomaji. Kati ya yale mabadiliko 29 halali, 17 yalitokana na kusoma swali vibaya mara ya kwanza, hasa yale yanayouliza kwa kukanusha. Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Ningekuwa na akili ya kumzoesha kusoma mstari wa mwisho wa swali kwanza, kisha maelezo ya mgonjwa, angekuwa na machache ya kubadilisha. Tulianza kufanya hivyo wiki tatu tu kabla ya mtihani.

Na lazima niseme: siwezi kuthibitisha ni kipi kilichomfaulisha. Alilala vizuri zaidi. Alisoma miezi minne zaidi. Chumba cha mtihani hakikuwa kigeni tena. Anayefaulu hapewi ripoti ya maeneo, kwa hiyo hatutajua kama yale majibu manne au matano aliyabadilisha kwa faida. Mtu anayesoma kisa hiki akaamua kuiga kidole na kuacha usingizi atakuwa amechagua sehemu isiyofaa.

Hofu yangu baada ya hapo ilikuwa nyingine: kwamba nimemfundisha muuguzi kupuuza wasiwasi wake. Wiki ya tatu ya kazi yake mpya alinipigia simu usiku. Alikuwa akikabidhiwa mgonjwa anayepewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa pampu, akasita, akamwita mwenzake, wakahesabu dozi upya wote wawili. Ilikuwa sahihi. Alitaka kujua kama ugonjwa wake umerudi.

Nikamuuliza nini kilimsitisha.

"Mfuko ulikuwa na mkolezo tofauti na ule wa jana," akasema. "Imeandikwa kwenye lebo, dada. Niliweka kidole."